Mashabiki wa Zambarau wa Tawi Letu

Mimi ni keshia wa supamaketi. Miaka kumi na miwili nimekaa kaunta namba mbili, mgongo kwenye friji za maziwa, uso mlangoni, na kama kuna kitu nimejifunza ni kusoma kikapu cha mtu. Panga vitu vyako mbele yangu nitakuambia kama mkeo yuko safarini, kama mama mkwe anakuja, kama mshahara umetoka au bado. Na nitakuambia wewe ni shabiki wa gari gani.

Hapo ndipo wageni hunikodolea macho. Mtaa wetu umerogwa na mbio za magari. Kila gari lina mdhamini, na jina lake limeandikwa milangoni kwa herufi ambazo hata asiye na miwani atazisoma. Gari la buluu linadhaminiwa na kampuni ya majani ya chai, hiyo hiyo inayotengeneza mafuta ya kupikia na viberiti. Gari la zambarau linadhaminiwa na kampuni ya sabuni ya unga. Basi mtu wa Buluu anakunywa chai ya Buluu, anakaangia mafuta ya Buluu, anawashia jiko kiberiti cha Buluu, na vijiti vya kile kiberiti vinakatika kila siku lakini hathubutu kulalamika. Nimemwona kinyozi wetu akikataa sabuni ya zambarau aliyokuwa anapewa bure mlangoni, eti ngozi yake haipatani nayo. Hiyo ngozi imejulia wapi mambo ya magari? Leo kinyozi huyo anakuapia kwamba hakuna chai kama ya Buluu. Miaka mitatu nyuma, kabla kampuni haijaingia udhamini, alikuwa anasema ni vumbi la barabarani.

Na mtaa wetu wote ni Buluu, kuanzia fundi viatu hadi meneja wangu. Sabuni ya zambarau tulikuwa tunaagiza katoni moja, inakaa rafu ya chini kabisa na kushika vumbi. Mpaka alipoanza kuja Mwalimu Breki.

Mwalimu Breki alifundisha udereva zaidi ya miaka thelathini. Nusu ya wenye leseni mtaani wamepita mikononi mwake. Mimi pia nilipita, nikafeli mara mbili, nikaamua miguu yangu inanitosha. Jina hilo alilipata kwa sababu upande wake wa gari alikuwa na breki yake mwenyewe, na alikuwa anaikanyaga kabla wewe hujaiona hatari. Halafu anakugeukia taratibu: "Huo mguu wako una haraka ya kwenda wapi?"

Sasa nikuambie jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulijua, maana simpendi mtu anayesimulia huku ameficha kitu mfukoni. Dereva wa gari la zambarau ni mwanawe. Mtoto wake wa pekee. Na kwa miaka sita walikuwa hawajapeana hata salamu; ndugu na majirani wachache waliojua walikuwa hawalitaji.

Mimi nilianza kumwangalia kwa sababu ya kikapu chake tu. Kitunguu kimoja, nyanya mbili, nusu mkate, sabuni ya unga pakiti nne. Kesho yake yai moja, limau moja, sabuni pakiti nne. Kikapu cha mtu anayekula peke yake nakijua, kwa sababu changu ni hicho hicho. Mtu wa namna hiyo ana mashati mawili matatu na shuka mbili. Anafua nini?

"Mwalimu, umefungua udobi siku hizi?" nikamuuliza siku moja.

"Napenda usafi, binti yangu," akanijibu, huku anaangalia pembeni.

Kitu kingine, kabla ya kuchukua zake alikuwa anainama kwenye ile rafu ya chini, na mgongo wake ulivyo mbovu, anazigeuza pakiti zote zilizobaki zitazame mbele. Kwenye kona ya kila pakiti kuna picha ya dereva, kofia ngumu kwapani, anacheka. Nikadhani mzee ana ugonjwa wa mpangilio. Walimu wengi wanao.

Nilikuja kuujua ukweli siku aliyosahau miwani yake kaunta. Nilipomaliza zamu, saa tisa alasiri, nikampelekea. Anakaa mtaa wa pili kutoka kazini, nyumba ndogo yenye baraza la saruji. Alifungua mlango kidogo, akanyoosha mkono apokee, lakini mimi mtu wa kudokoa kwa macho. Sebuleni kulikuwa na viti vinne na vitatu vilikuwa vimebeba sabuni. Sabuni juu ya kabati, sabuni chini ya meza, sabuni imepangwa ukutani hadi usawa wa dirisha. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi, na kitandani, upande ambao zamani alikuwa analala mkewe, zilipangwa safu tatu, picha zote juu. Nikapiga chafya mara tano mfululizo.

"Ukimaliza kucheka unipe miwani yangu," akasema.

Sikuwa nacheka. Nadhani alikiona hicho usoni kwangu, maana aliufungua mlango wote na kunipa kile kiti kimoja. Yeye akakaa juu ya katoni.

Akaniambia yote bila kunitazama. Mkewe alipozidiwa, kijana alikuwa kwenye mashindano ya siku tatu, mbali. Mama akafa siku ya pili, akazikwa siku ya tatu. Kijana alifika jioni hiyo, watu wameshatoka makaburini, yuko ndani ya ovaroli la zambarau, vumbi mpaka kwenye kope. Mwalimu akamzuia pale barazani mbele ya ndugu na majirani. "Umechagua gari ukamwacha mama yako," akamwambia. "Basi nenda kaishi na gari. Humu huna baba."  Kijana aligeuka akaondoka, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

"Mwaka uliofuata nikamsikia redioni," Mwalimu akaendelea. "Wanamhoji. Akasema mkuu wa timu yao alipigiwa simu siku ile ile ya msiba, akainyamazia mpaka gari likamaliza mbio. Kijana hakuwa anajua lolote. Alisema, 'Nilishangilia ushindi na mama yangu ni maiti.' Nilikuwa nimekaa hapo ulipokaa wewe."

"Ukamwendea?"

"Nilifika kituo cha basi mara mbili. Mara ya pili tiketi nilikuwa nayo mkononi." Akaipangusa miwani kwa shati, akaivaa, akaivua tena. "Mdomo wangu ulikuwa mwepesi sana siku ile, binti. Tangu hapo umekuwa mzito."

Halafu akasikia watangazaji wakibishana kama kampuni ya sabuni itaendelea na udhamini. Walisema kampuni inaangalia mauzo tu. Sabuni isiponunuliwa, gari halina matairi. Akajisemea kwamba hilo angalau analiweza. Kununua sabuni hakuhitaji maneno.

Nilitoka pale nimechoka kama mtu aliyehamisha nyumba. Nilipika, nikala nimesimama, nikaosha sahani yangu moja. Tangu siku hiyo nikawa napita kwake mara kwa mara Jumapili. Tuseme ukweli, sikuwa na kwingine pa kwenda.

Siku za mbio tulikuwa tunasikiliza redio pamoja. Yeye alikuwa hashangilii. Alikaa na mkono kwenye goti, na kila mtangazaji alipotaja kona, mguu wake ulikanyaga sakafu. "Punguza," alikuwa anasema chini chini. "Punguza, baba, punguza." Plastiki ya sakafu mahali pale ilikuwa imetoboka. Gari likifika salama alikuwa anazima redio kabla hawajatangaza nani ameshinda.

Nilimshauri basi aigawe hiyo sabuni. Akajaribu. Alimpelekea jirani pakiti mbili, na jirani, mama mwenye heshima zake, akazirudisha kwa mikono miwili. "Mwalimu, nakuheshimu kama baba yangu," akamwambia, "lakini mume wangu akiona shati lake limefuliwa na Zambarau atalala kwa dada yake." Nikamcheka sana Mwalimu kwa hilo, naye akacheka kidogo. Hatukuwa na mengi ya kuchekea.

Mimi nilikuwa naona anavyoongeza. Pakiti nne zikawa sita, sita zikawa nane kila siku. Meneja akaanza kuagiza katoni nyingi, akaipandisha sabuni kutoka rafu ya chini mpaka usawa wa macho, na Mwalimu hakuinama tena. Alikuwa anasimama pale kidogo, uso kwa uso na zile picha, halafu anajaza toroli.

Siku moja akaja dada mmoja wa masoko kutoka makao makuu ya kampuni ya sabuni. Viatu vinalia, faili kifuani. Akampa meneja mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Hongereni! Katika matawi yote, hapa ndipo tunapouza kuliko kwingine kokote. Kumbe mashabiki wa Zambarau wamejaa huku na sisi hatujui!"

Meneja, mtu wa Buluu wa kufa na kuzikwa, akavimba kichwa palepale. "Aah, hapa kwetu ni Zambarau tupu," akasema. Halafu akanigeukia mimi. "Si kweli, keshia?"

Pakiti zote zile zilikuwa zimepita mikononi mwangu, moja moja, kwa mtu mmoja. Ningependa nikuambie kwamba niliwaza kumkutanisha mzee na mwanawe. Sikuwaza hivyo. Niliwaza kazi yangu, na jicho alilonikazia meneja.

"Kweli kabisa," nikasema.

Baada ya wiki mbili likabandikwa tangazo mlangoni. Jumamosi saa nne asubuhi, siku ya mashabiki wa Zambarau, uwanja wa maegesho ya supamaketi. Gari lenyewe litakuwepo, dereva mwenyewe atakuwepo, atatia saini pakiti yako.

Mwalimu alilisoma akiwa na toroli tupu. Alilisoma tena. Nilitoka kaunta nikamfuata.

"Anakuja kwa ajili yako, Mwalimu. Ni wewe umemleta."

"Mimi sikumwita." Rangi ilikuwa imemtoka. "Mimi nilitaka abaki kwenye gari lake, basi. Akiniona atafanyaje? Atanipita kama mtu asiyenijua, mbele ya watu, kama nilivyomfanyia. Na atakuwa na haki."

"Au hatakupita."

"Wewe hukuwepo siku ile barazani." Akaliacha toroli katikati ya njia, akaenda zake. Wiki nzima hakutia mguu dukani. Nilipobisha kwake Jumatano aliniambia kupitia mlangoni kwamba ana mafua.

Jumamosi ikafika. Walileta hema jeupe, spika mbili kubwa kama makabati, na viti vya plastiki mia mbili. Gari la zambarau liliegeshwa kando limeng'arishwa. Dereva alikaa nyuma ya meza na kalamu nene. Ana uso wa baba yake, ila amekonda zaidi kuliko kwenye pakiti, na nywele za kando zimeanza kuwa nyeupe.

Saa nne, hakuna mtu. Saa nne na nusu, hakuna mtu. Msema chochote waliyekuja naye akapaza sauti kwenye spika, "Mashabiki wa Zambarau mko wapiii?", na sauti ikaenda ikarudi. Watu walikuwa wanapita, kwa kuwa Jumamosi ni siku ya kununua vitu, lakini walipita na kofia zao za buluu na mifuko yao ya chai. Wala hawakuwa na ubaya. Kinyozi alimpungia dereva mkono kwa adabu, akaenda zake. Mmoja alivuta kiti akakaa, moyo wangu ukaruka, kumbe anafunga kamba ya kiatu.

Saa tano dada wa masoko aliingia ndani na lile faili. Walisimama karibu na kaunta yangu, nikasikia kila neno.

"Meneja, hizi pakiti zimenunuliwa na nani? Mia nane kwa miezi mitano, halafu leo haji hata mtu mmoja? Mmezipika hizi hesabu."

"Dada, Mungu shahidi wangu, zimeuzwa..."

"Kwa nani? Nitaandika nini mimi? Makao makuu walikuwa wanasubiri siku ya leo ndiyo waamue kuhusu gari. Nikiandika tumedanganywa, hawatafika hata mwisho wa msimu. Wataliondoa kesho."

Meneja akanitazama mimi. Mimi nikatazama nje. Dereva alikuwa ameinuka, anavipanga vizuri viti vya mstari wa mbele, kimoja kimoja, ili mikono yake ipate kazi. Wala hakuonekana kukasirika. Alionekana mtu aliyezoea.

Niliifunga kaunta na watu wakiwa kwenye foleni. Wakapiga kelele, nikawaacha. Nilikimbia mitaa miwili, mimi niliyefeli hata kuendesha gari, na nilipofika kwa Mwalimu sikubisha hodi.

Alikuwa sebuleni, juu ya katoni yake. Suti ya kijivu, shati jeupe limefuliwa mpaka linaumiza macho, viatu vimepigwa rangi, amenyoa.

"Nimevaa tangu saa kumi na mbili," akasema. "Mara tatu nimefika mlangoni."

"Hakuna mtu, Mwalimu."

"Hakuna mtu wapi?"

"Kule. Viti mia mbili vyote vitupu. Amekaa peke yake tangu asubuhi. Wanasema sabuni haikuuzwa, ni wizi, na gari wanaliondoa kesho. Wanamuuliza meneja mashabiki wako wapi, na anayejua ni mimi na wewe."

Nilidhani atauliza zaidi. Alishika ukingo wa meza akainuka. Aliniuliza swali moja tu.

"Hata mmoja hakuja?"

"Hata mmoja."

"Basi twende," akasema, na akanitangulia.

Tuliikata ile mitaa miwili kwa miguu. Kijasho kilikuwa kinamtoka kwenye ukosi. Tulipofika pembeni ya hema nilisimama, kwa sababu pale hapakuwa pangu tena. Msema chochote alimwona akapata uhai: "Karibu mzee wetu, karibu sana!" Dereva alikuwa ameinamisha kichwa anaangalia simu. Dada wa masoko ndiye aliyemkabili wa kwanza, meneja yuko nyuma yake.

"Mzee, shikamoo. Wewe ni shabiki wa Zambarau?"

"Marahaba. Ndiyo."

Kwa sauti hiyo dereva alinyanyua kichwa.

"Wenzako wako wapi?"

"Hakuna wenzangu," Mwalimu akasema. "Ni mimi. Zile pakiti zote nimezinunua mimi. Ziko nyumbani, njoo uhesabu. Meneja hakudanganya mtu, na keshia hakudanganya mtu. Shabiki wa tawi hili ni mimi peke yangu."

Dada alicheka kidogo, akaona mzee hacheki, akaacha. "Pakiti mia nane? Mzee, za kufanyia nini?"

Mwalimu hakumjibu yeye. Alimgeukia kijana wake, na mikono ameinyoosha ubavuni kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

"Nilikukosea," akasema. "Siku ile barazani. Ulikuwa hujui lolote, na mimi nikakufukuza kwenye msiba wa mama yako. Nilisikia redioni nikashindwa kuja. Nikawa nanunua."

Niseme mapema, ili usije ukadhani mambo yalinyooka: udhamini uliondoka. Gari waliliachia limalize msimu, kwa sababu hapakuwa na wizi, lakini kampuni haiwezi kudhamini gari lenye shabiki mmoja. Kijana alilijua hilo pale pale, kabla dada hajafunga faili. Nilimwona analijua. Aliutazama mlango wa gari lake, wenye jina la sabuni, akamtazama baba yake, akaanza kutikisa kichwa taratibu, na machozi yakawa yanamtoka bila yeye kuyafuta.

"Baba," akasema, "si ungenipigia simu tu."

 Kijana alizunguka meza. Hawakukumbatiana; sijui watu wengine wanakumbatianaje baada ya miaka sita, hawa hawakuweza. Alimshika baba yake kiwiko, akamkalisha mstari wa mbele, akakaa kiti cha pili. Walikaa hivyo wamelitazama gari, magoti yao yanakaribia kugusana, hakuna anayesema kitu.

Mimi nilirudi kaunta kupokea matusi yangu. Wafanyakazi wa hema walianza kufungua kamba na kupandanisha viti, safu kwa safu, kutoka nyuma. Saa saba, nilipotoka kununua maji, walikuwa wamebakisha mstari wa mbele tu. Mmoja wao aliwafikia wale wawili, akasimama na kukohoa kwa adabu.

"Samahani, bosi. Tunahitaji viti."

Kijana hakugeuka. "Hivi viwili tuachieni," akasema. "Bado hatujaanza."